Pointi Moja Ina Bei Mbili: Hesabu Iliyojificha Kwenye Zawadi za Wateja Dukani

Mama mmoja mwenye minimaketi pembezoni mwa Dar es Salaam aliniita nimrekebishie programu ya mauzo. Shida aliyonieleza ilikuwa ndogo: keshia wake alikuwa anachukua muda mrefu kumtafuta mteja kwenye orodha. Nilipofungua mipangilio nikakutana na shida nyingine ambayo hakuwa ameiona. Kila shilingi 100 aliyonunua mteja ilimpa pointi 1. Na kila pointi 1, siku ya kuikomboa, ilimpunguzia shilingi 10.

"Shilingi kumi nayo ni hela, mwanangu?" akaniuliza.

Si hela, kweli. Ukiidondosha barabarani hakuna anayeinama. Lakini shilingi 10 kwa kila 100 ni punguzo la asilimia 10. Duka lake, ukichanganya unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni na biskuti, lilikuwa likimbakizia kama shilingi 12 kwa kila 100, kabla hajalipa pango, umeme na mishahara. Katika hizo 12, tayari 10 alikuwa amezigawa. Mfumo ulikuwa umetembea miezi minne na hakuhisi chochote, kwa sababu wateja walikuwa bado wanakusanya.

Wengi huteleza hapo hapo. Pointi ina bei mbili: ile ambayo mteja anailipa ili aipate, na ile ambayo wewe unailipa anapoirudisha. Programu nyingi za mauzo huziweka kwenye visanduku viwili, pengine kurasa mbili tofauti, na kila kimoja ukikitazama peke yake hakina makali. Chukua thamani ya kukomboa, igawe kwa kiasi cha kupatia pointi moja, zidisha kwa mia. Hiyo ndiyo asilimia unayowaahidi watu. Iandike kwenye karatasi kabla hujaenda kwa mchora mabango.

Asilimia ngapi, basi?

Jibu halipo kwa jirani. Lipo kwenye faida yako. Mchukue mteja anayenunua kwa shilingi 100,000 kila mwezi kwenye duka linalobakiza 12 kwa mia. Anakuachia 12,000. Ukimrudishia asilimia 1, sasa unabakiwa na 11 kwa mia, kwa hiyo ili uzipate tena zile 12,000 itabidi anunue kwa 109,000 hivi. Mrudishie asilimia 2, itabidi afike 120,000. Mrudishie asilimia 10 kama mama yule, na hapo lazima anunue kwa 600,000. Mara sita! Hata nyumba iwe na wageni mwaka mzima, ugali hauliwi mara sita.

Duka la vipodozi ni habari nyingine. Kama linabakiza 35 kwa mia, kurudisha asilimia 2 kunahitaji mteja aongeze manunuzi kutoka 100,000 hadi 106,000 tu. Mafuta ya nywele ya ziada kidogo, hesabu imefungwa. Ndiyo maana kunakili mfumo wa duka la vipodozi na kuupeleka kwenye duka la vyakula ni kujitafutia balaa, hata kama maduka yote mawili yako kwenye jengo moja. Tesco, supamaketi kubwa ya Uingereza iliyoanzisha kadi yake ya Clubcard mwaka 1995 na ambayo haikosi wataalamu wa hesabu, kiwango chake cha msingi ni pointi 1 kwa kila pauni 1, na pointi 150 zinatoa vocha ya pauni 1.50. Asilimia 1. Kwa duka la vyakula ningeanzia hapo na nisione aibu.

Utasikia hoja mbili za kukutuliza moyo. Ya kwanza inasema kwamba punguzo la shilingi 1,000 halikugharimu 1,000, kwa vile bidhaa uliyoitoa uliinunua kwa bei ya jumla. Ni kweli pale tu ambapo mteja asingeinunua bidhaa hiyo kwa pesa yake. Kama mkate huo angeununua leo hata bila pointi, umepoteza 1,000 kamili. Ya pili inasema wapo watakaosahau kukomboa. Wapo, tena wengi. Lakini anayesahau ni yule anayekuja mara moja moja, na anayekumbuka ni yule anayekuja kila siku, ambaye ndiye uliyemtengenezea mfumo. Piga hesabu yako kana kwamba kila pointi itarudi. Zikilala, shukuru.

Mteja wa mia nane

Asilimia ikishapatikana, inabaki kuamua pointi iwe kubwa au ndogo. Pointi 1 kwa kila shilingi 1,000 yenye thamani ya shilingi 10, na pointi 1 kwa kila shilingi 100 yenye thamani ya shilingi 1, zote ni asilimia 1. Kwenye karatasi hazina tofauti, ila kaunta inajua tofauti yake.

Angalia namna watu wanavyonunua. Asubuhi chapati mbili na majani ya chai. Mchana soda. Jioni mafuta ya kupima, nyanya, kiberiti. Risiti ya 800, nyingine ya 700, nyingine ya 900. Programu nyingi huhesabu pointi kwa kila risiti na kukata kinachobaki. Kwa kanuni ya pointi 1 kwa 1,000, mteja huyu aliyekuachia 2,400 kwa siku moja amepata sifuri. Kesho sifuri. Mwezi mzima anasoma bango la pointi na salio lake halisogei, wakati jirani yake mwenye gari, anayekuja mara moja mwisho wa mwezi na kununua kwa 150,000, anaondoka na 150. Umeanzisha mfumo wa kuwaenzi wateja wa kudumu, na yule anayekuja mara tatu kwa siku ndiye umemfungia mlango nje.

Kwa hiyo pointi ndogo. Pointi 1 kwa kila shilingi 100, na pointi 1 ni shilingi 1. Mteja wa 800 anapata 8. Faida nyingine ni kwamba haihitaji kufafanuliwa: pointi 730 ni shilingi 730. Keshia hahitaji kikokotoo, na mteja hawezi kuhisi anachezewa. Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom ilipoanzisha pointi zake za Bonga mwaka 2007 ilitoa pointi 1 kwa kila shilingi 10 ya matumizi, na nadhani udogo huo wa kipimo ni moja ya sababu zilizofanya hata mwenye kuweka salio la shilingi ishirini aone na yeye yumo.

Kisha kuna kiwango cha chini cha kukomboa. Ukikiweka pointi 5,000, mteja wa 60,000 kwa mwezi atasubiri miezi minane na zaidi. Atachoka. Ukikiweka pointi 100, kila mtu atakomboa shilingi mia kila mara, foleni itarefuka na hakuna atakayehisi amepewa kitu. Mimi hutafuta kiwango ambacho mteja wa kawaida wa duka husika anakifikia ndani ya mwezi mmoja hadi miwili. Kwa mfano wetu ni kama pointi 500 hadi 1,000.

Na usimwanzishe mtu na sifuri. Mwaka 2006 watafiti wawili, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha jaribio walilolifanya kwenye sehemu ya kuoshea magari. Waligawa kadi 300. Nusu zilihitaji mihuri minane ili mtu aoshewe gari bure. Nusu nyingine zilihitaji kumi, lakini miwili ilikuwa imeshagongwa. Kazi iliyobaki ni ile ile, mihuri minane. Waliopewa kadi tupu walioikamilisha walikuwa asilimia 19. Waliopewa kadi yenye mihuri miwili, asilimia 34. Kwa hiyo kama kiwango chako ni 800, kifanye 1,000 na umpe kila anayejiunga pointi 200. Manunuzi anayotakiwa kufanya ili aifikie zawadi hayajabadilika, wewe umeongeza zile pointi 200 tu, ila yeye anajiona ameshaanza safari.

Punguzo lenyewe

Pointi zinaweza kugeuka kuwa kiasi maalumu cha pesa (pointi 1,000 zinapunguza shilingi 1,000), au asilimia (pointi 1,000 zinakupa punguzo la asilimia 10 kwenye manunuzi yanayofuata), au bidhaa (pointi 1,000 zinakupa mche wa sabuni).

Asilimia ndiyo tamu kwenye bango na ndiyo hatari kwenye droo. Mteja mwenye akili, na wapo, hataitumia kwenye mkate. Ataitunza hadi siku ya kununua mchele wa sherehe, gunia mbili na ndoo za mafuta, jumla 400,000, halafu aitoe. Pointi zenye thamani ya 1,000 zimekula 40,000. Ukiipenda sana asilimia, iwekee kikomo: "asilimia 10, isizidi shilingi 2,000". Kama programu yako haina sehemu ya kuweka kikomo, achana nayo.

Zawadi ya bidhaa naipenda kuliko wenzangu wengi wanavyoipenda. Shilingi 1,000 ya punguzo inamezwa na risiti, mteja akifika nyumbani ameisahau. Mche wa sabuni anaubeba mkononi. Tena unachagua wewe utoe nini: kitu chenye faida nzuri, au mzigo uliolala ambao bado haujakaribia kuisha muda. Usitoe kilichobakiza wiki moja, watu husoma tarehe.

Halafu kuna vitu visivyopaswa kutoa pointi kabisa. LUKU na vocha za simu kwanza. Unauza umeme wa 10,000, kamisheni yako ni ndogo mno, na programu kwa uaminifu wake inampa mteja pointi 100. Hapo umelipia umeme wa mtu. Miamala ya wakala, vivyo hivyo. Sukari na gesi ziangalie kwa makini, maana faida yake hupanda na kushuka. Na maziwa ya kopo ya watoto wachanga yaondoe bila mjadala: kanuni ya kimataifa iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981 inakataza kuponi za punguzo na zawadi za kusukuma mauzo yake, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012, na Tanzania ina kanuni zake. Upande wa kukomboa nao ufunge: pointi zisinunue vocha wala LUKU, kwa sababu hizo ni sawa na pesa taslimu, na zitatoka mbio kuliko chochote rafuni.

Kwenye kaunta

Mteja ananunua kwa 20,000, anakomboa pointi 1,000, analipa 19,000. Apate pointi za 20,000 au za 19,000? Za 19,000, yaani pesa aliyoitoa mfukoni. Vinginevyo pointi zinazaa pointi. Na punguzo hilo lionekane kwenye risiti ya EFD yenyewe, ile ya mashine ya kodi, lisibaki kwenye programu ya mauzo peke yake. Risiti ikisema 20,000 na droo ikisema 19,000, utakuja kumweleza mtu jambo ambalo halielezeki.

Kesho yake anarudisha bidhaa zote. Mpe 19,000 na mrudishie pointi zake 1,000, kisha futa zile 190 alizopata. Wengi hukumbuka la kwanza na kusahau la mwisho. Jaribu hili mwenyewe kabla ya kufungua mfumo: nunua, komboa, rudisha, kisha tazama salio. Kama halikurudi pale lilipoanzia, mpigie simu aliyekuuzia programu.

Sasa jambo ambalo hakuna anayependa kulitaja mbele ya wafanyakazi. Duka moja nililolihudumia lilikuwa na namba ya simu iliyonunua zaidi ya mara thelathini siku ya Jumamosi moja, kuanzia asubuhi hadi kufunga, vitu visivyohusiana: pampasi, bia, dawa ya mbu, daftari za shule. Haikuwa mteja. Ilikuwa keshia. Kila aliposema "una namba ya pointi?" na mteja akajibu hana, yeye aliingiza namba ya mdogo wake. Hakuiba kwenye droo hata senti, na hesabu za jioni zilifunga vizuri kila siku. Dawa yake ni rahisi: weka kikomo cha mara ambazo namba moja inaweza kupata pointi kwa siku, na kila mwisho wa wiki tazama namba ishirini zilizokusanya zaidi. Meseji ya salio kwa kila ununuzi nayo husaidia, ila kwa upande mwingine: mteja akinunua na asipate meseji, atauliza.

Namba ya simu ndiyo kitambulisho rahisi kuliko kadi, maana haisahauliki nyumbani. Ila laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, kwa hiyo kabla ya kukomboa kiasi kikubwa keshia aulize na jina. Jina na namba zinatosha. Sijawahi kuelewa fomu zinazodai tarehe ya kuzaliwa, dini na idadi ya watoto ili mtu apunguziwe shilingi mia tano. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinakutaka uchukue kinachohitajika tu, na umwambie mtu unakichukulia nini.

Daftari lililogeuzwa

Kila mwenye duka anaijua daftari ya madeni: mama fulani unga kilo mbili, fundi sigara tatu. Pointi ni daftari ile ile, isipokuwa sasa mdaiwa ni duka. Wahasibu wanalichukulia hivyo hasa. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, kinataka sehemu ya mauzo inayohusu pointi isihesabiwe kuwa mapato mpaka pointi zikombolewe au ziishe muda. Ukiuza kwa 100,000 na kutoa pointi za 1,000, huku ukitarajia asilimia 70 zitarudi, basi kwenye zile 100,000 kiasi cha 695 hivi bado si chako. Duka dogo huenda lisilazimike kuandika hesabu kwa namna hiyo, lakini mwenye duka anapaswa kujua jumla ya pointi zilizo nje kila mwisho wa mwezi, kama anavyojua anadaiwa nini na wasambazaji.

Anayeshikilia pointi naye yuko kwenye hatari, hata kama hajui. Nakumatt, supamaketi kubwa ya Kenya iliyokuwa na kadi yake ya Smart kwenye pochi za Wakenya wengi, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakaamua ifilisiwe. Mshahara, mzigo, pango, mikopo ya benki: kwenye foleni kama hiyo mwenye pointi hana hata pa kusimama.

Muda wa kuisha ndio unaolizuia deni lisikue milele. Usiweke tarehe moja kwa wote. Pointi zote zikiisha Desemba 31, wateja wote watakuja wiki ya Krismasi, wakati ambao ungeuza hata bila punguzo. Afadhali ziishe miezi kumi na miwili tangu mtu aliponunua mara ya mwisho. Anayekuja kila mara hapotezi kitu. Na liamue mwanzoni. Safaricom ilipotangaza mwaka 2022, baada ya miaka kumi na mitano, kwamba pointi za Bonga zenye umri wa zaidi ya miaka mitatu zingeanza kuisha, wateja walizipigia kelele kama akiba zao za benki, na kwa mtazamo wao zilikuwa hivyo.

Turudi kwa yule mama. Tulijumlisha pointi zilizokuwa mikononi mwa wateja tukapata laki nne na ushee. Kwa shilingi 10 kila moja, ni zaidi ya milioni 4. Duka lake lilikuwa likiuza kama milioni 30 kwa mwezi, kwa hiyo faida ghafi ya mwezi mzima ilikuwa milioni 3.6. Alikaa kimya, akamwita binti yake aje aione skrini, halafu akauliza kama tunaweza kuzifuta tu na kuanza upya.

Nilimkatalia. Kuzipunguza thamani ya zilizokwisha kutolewa, pia nilimkatalia. Tulichofanya ni kuzidisha kila salio la zamani kwa kumi, kisha tukaweka pointi 1 iwe shilingi 1. Aliyekuwa na 300 akawa na 3,000, na thamani yake ni shilingi 3,000 zile zile. Kuanzia tarehe mosi, shilingi 100 ikaendelea kutoa pointi 1, ila sasa pointi hiyo ni ya shilingi 1. Hakuna aliyepoteza alichokuwa nacho. Lile deni la milioni 4 alilipa yeye, taratibu, kwa miezi iliyofuata, na mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu kiasi cha kuahirisha friji mpya.

Siku ya mabadiliko nilisimama karibu na kaunta kuona mambo yatakwendaje. Mzee mmoja alisoma meseji mara mbili, akasogeza simu mbali na macho, akamgeukia keshia.

"Binti, mbona pointi zangu zimeota?"

"Shikamoo, mzee. Pesa ni ile ile. Zamani moja ilikuwa shilingi kumi, sasa moja ni shilingi moja."

"Marahaba. Na kuanzia leo nikinunua?"

"Kuanzia leo utapata kidogo kuliko zamani."

Mzee akaitazama simu tena. "Basi hizi za zamani nipe kiberiti na sukari nusu," akasema, "nyingine ziache hapo hapo."